Mchimba kisima aliye kinywani mwangu

Daktari alinipa kidonge chekundu, akaniambia nikitafune, nikizungushe kwa ulimi kila pembe ya kinywa, kisha niteme. Halafu akanipa kioo. Ukingo wote wa fizi za chini ulikuwa umepakwa rangi ya damu ya mzee, kati ya kila jino na jirani yake kulikuwa na mstari mwekundu, na magego ya nyuma yalifanana na ya mtu aliyetafuna kalamu ya wino. Na asubuhi ile nilikuwa nimepiga mswaki kwa bidii kuliko siku zote, kama mwanafunzi anayefungua daftari usiku wa kuamkia mtihani.

"Rangi hiyo inashika ukoga tu," akasema. "Penye jino safi haikai."

Nikajitetea. "Lakini dokta, mimi natumia dawa yenye floraidi. Ile ya kuua bakteria."

Akaniuliza nikishapiga mswaki nafanya nini. Nikamweleza kwa fahari: nasukutua maji mara tatu, mpaka kinywa kisibaki na ladha yoyote ya dawa. Mama yule ni mtu wa makamo, si msemaji sana. Akavua glavu taratibu. "Basi baba, floraidi yako inafaidiwa na bomba la sinki. Meno yako hayajaionja." Alipokuwa anaandaa sindano ya ganzi akaongeza, kama mtu anayejisemea: "Na haiui."

Nilitoka na matundu mawili yaliyozibwa, upande mmoja wa mdomo uliokufa ganzi, na neno hilo la mwisho likinizunguka kichwani. Miaka yote nilikuwa na picha moja tu: dawa ya meno ni sumu ya vijidudu. Unaipaka, wanakufa, unaosha mizoga kwa maji. Ndiyo maana nilisukutua kwa juhudi. Nani anataka kubaki na sumu na mizoga mdomoni? Picha hiyo niliijenga kwa msaada wa matangazo, yale ya katuni za vidudu vyenye sura mbaya vinavyokimbizwa na povu. Imenichukua miezi ya kusoma usiku, kidogo kidogo, kuibomoa.

Ukoga ni neno ambalo wengi tulilijua utotoni kama aibu, kitu cha kuambiwa mbele ya watu, na labda ndiyo sababu hatukulichunguza. Tulidhani ni mabaki ya chakula. Mabaki ya chakula huondoka ukisukutua. Ukoga hauondoki kwa maji, kwa sababu ni viumbe hai waliojishikiza. Jino likishasafishwa, dakika chache tu zinatosha protini za mate kulifunika kwa ngozi nyembamba isiyoonekana. Hapo ndipo wanapotua wa kwanza: *Streptococcus sanguinis*, *Streptococcus oralis* na jamaa zao, wenye vishikizo vinavyolingana na protini zile. Wanagawanyika. Wanakuja *Actinomyces*. Baadaye anafika *Fusobacterium nucleatum*, mrefu na mwembamba kama sindano ya kufumia, ambaye ana kipaji cha kushikana na karibu kila mtu, hivyo hata spishi zisizoweza kujishikiza kwenye jino hupata pa kuning'inia. Wote wanatoa ute, ute unawafunika, na ndani yake maisha yanaendelea kwa utaratibu wao. Miligramu moja ya ukoga, kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kijiti cha meno, ina bakteria zaidi ya milioni 100. Spishi zilizokwisha kutambuliwa katika vinywa vya binadamu ni kama 700, ingawa kinywa cha mtu mmoja hubeba sehemu tu ya hizo.

Wa kwanza kuwaona alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Antonie van Leeuwenhoek, wa Delft huko Uholanzi, alikuwa na mazoea ya kusugua meno kwa chumvi kila asubuhi, na alijivunia usafi wake. Hata hivyo aliona kati ya magego kuna kitu cheupe, kizito kama uji wa unga. Akakichokoa, akakichanganya na maji ya mvua, akakiweka chini ya hadubini aliyoitengeneza kwa mikono yake, na mwaka 1683 akaandikia Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, kwamba ndani yake wamo wanyama wadogo wengi mno, wanaokwenda kwa madaha. Hilo limeelezwa mara nyingi. Mimi nilichokipenda zaidi ni kituko cha baada yake. Alijaribu siki. Alipochanganya siki na ukoga uliokwisha kutolewa kinywani, wanyama walikufa papo hapo. Lakini alipoisukutua siki kali kinywani, kisha akachokoa ukoga na kuutazama, aliwakuta waliomo ndani bado wanacheza. Akahitimisha, kwa haki kabisa, kwamba siki iliwaua waliokuwa juu tu na haikupenya hadi ndani.

Mtu yule, bila kujua bakteria ni nini, alikuwa ameshika tatizo ambalo dawa zote za kinywa zimegongana nalo tangu hapo. Bakteria anayeogelea peke yake kwenye maji ni kiumbe dhaifu. Bakteria yule yule akiwa ndani ya ukoga ana paa, ana kuta, na ana majirani wa kuumia kabla yake.

Sasa, wanaishi humo wanafanya nini mpaka jino litoboke? Wanakula sukari na kutoa asidi. Jibu hili linaonekana jepesi, lakini lilichukua muda. Willoughby Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, ndiye aliyelipanga vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1890: vijidudu vinachachusha wanga na sukari, asidi inayeyusha madini ya jino, jino linalainika na kuoza. Mwaka 1924 huko Uingereza J. Kilian Clarke akatoa kwenye meno yaliyooza bakteria aliyemwita *Streptococcus mutans*, kwa vile alimwona akibadilika umbo, akadhani ni aina iliyogeuka. Jina likabaki hata baada ya sababu yake kupotea.

Kipande ninachokipenda zaidi katika historia hii ni cha miaka ya 1940. Robert Stephan aliwasukutulisha watu maji yenye glukosi, kisha akagusa ukoga kwa vipimo vidogo vya pH, namba inayoshuka kadiri asidi inavyozidi, dakika baada ya dakika. Mchoro wake bado unachorwa ubaoni katika vyuo vya udaktari wa meno. Ndani ya dakika chache pH inaporomoka, kisha inapanda polepole, na inachukua nusu saa hadi saa nzima kurudi ilikokuwa, mate yakifanya kazi ya kuisafisha asidi. Karibu na pH 5.5 kuna mstari wa hatari: chini ya hapo, madini ya jino huanza kuyeyuka. Kwa hiyo kila mara mtu anapokula kitu chenye sukari, jino linaingia kwenye shimo hilo na kutoka. Anayekula mara moja anashuka mara moja. Anayedonoadonoa kutwa hatoki shimoni.

*Streptococcus mutans* amezaliwa kwa ajili ya maisha hayo. Anatumia sukari ya kawaida kutengeneza gundi inayoufanya ukoga ung'ang'anie. Sukari ya ziada anaiweka akiba mwilini mwake, akaendelea kutoa asidi hata meza ikishaondolewa. Na la ajabu, anaivumilia asidi ile ambayo majirani zake hawaivumilii. Wapo majirani wema: *Veillonella* hula asidi ya maziwa iliyotolewa na wengine na kuigeuza kuwa asidi dhaifu zaidi, wako wanaotengeneza amonia inayopunguza ukali, na *Streptococcus sanguinis* hutoa haidrojeni peroksaidi inayomkera *mutans*. Ukoga wa mtu mwenye afya umejaa hawa. Lakini asidi ikimwagika mara kwa mara, wema wanadhoofika na wavumilivu wa asidi wanachukua nafasi, na wakishachukua nafasi asidi inaongezeka. Katika miaka ya 1990 Philip Marsh aliliweka hili katika nadharia: ugonjwa wa meno hauletwi na mvamizi kutoka nje, ni jamii ya kawaida iliyopotezewa mizani na mazingira. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walikwisha sema, ila hapa nguo yenyewe inaamua nani aume.

Na floraidi inaingia wapi?

Inaingia kwa mlango ulioachwa wazi na asidi yenyewe. Floraidi ikiwa peke yake majini ni ayoni, yaani chembe yenye chaji, na chaji yake ni hasi. Utando wa seli ya bakteria umejengwa kwa mafuta, na kitu chenye chaji hakipiti kwenye mafuta kirahisi. Kwa hiyo ukoga uliotulia, wenye pH karibu na 7, floraidi inazunguka nje ya seli bila madhara makubwa. Mambo hubadilika asidi inapotolewa. Asidi ni wingi wa protoni, chembe zenye chaji chanya, na floraidi ikipata protoni huungana nayo kuwa haidrojeni floraidi, molekuli ndogo isiyo na chaji, ambayo hupenya utando ule kama haupo.

Nilikaa nikapiga hesabu yake kwenye karatasi, maana sikuamini tofauti inaweza kuwa kubwa hivyo. Kwenye pH 7, katika kila floraidi 10,000, moja hivi tu ndiyo imeungana na protoni. Kwenye pH 5 zimeungana kama 140. Kushuka kwa hatua mbili za pH, na wapita mlango wameongezeka mara mia.

Wakishaingia ndani wanakuta hali tofauti. Bakteria hujitahidi kuweka tumbo lake lisiwe na asidi kama nje, kwa hiyo haidrojeni floraidi ikifika ndani inaachana tena: protoni huku, floraidi kule. Na floraidi, ikiwa imerudiwa na chaji yake, haiwezi kutoka kwa njia iliyoingilia. Kadiri nje kunavyokuwa na asidi kuliko ndani, ndivyo floraidi inavyozidi kulundikana ndani. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Bakteria asiyetoa asidi haguswi sana; anayetoa asidi kwa pupa ndiye anayejivutia floraidi. Sijui dawa nyingine ya nyumbani yenye adabu kama hii, ya kungoja mkosaji akosee kwanza.

Ndani ya seli kunatokea maumivu matatu, na yanasaidiana. La kwanza ni protoni zenyewe zilizoletwa na kuachwa: zinaongeza asidi tumboni mwa bakteria, na vimeng'enya vyake, protini zinazoendesha kazi za seli, havipendi asidi. La pili ndilo maarufu. Sukari ikiingia kwenye seli hupita mikononi mwa vimeng'enya kumi kwa zamu, kila kimoja kikiibadilisha kidogo, mpaka nishati itoke. Wa tisa katika mstari huo anaitwa enolesi. Floraidi inamkalia enolesi, kazi inamshinda, na kila kilichoko nyuma yake kinasongamana. Kinachotolewa na enolesi ni kitu wanakemia wanachokiita kwa kifupi PEP. Bakteria hawa hawakitumii PEP kwa nishati pekee. Ndicho wanacholipia kuingiza sukari mpya mlangoni. Enolesi akibanwa, PEP inapungua, na PEP ikipungua mlango wa sukari unakuwa mzito kufunguka. Jiko limezimika, na aliyeko sokoni hana hela ya kununua kuni.

La tatu ni pampu. *Streptococcus mutans* anavumilia asidi kwa sababu ana mashine kwenye utando wake inayotoa protoni nje kwa kutumia nishati. Floraidi inaisumbua pampu hiyo, na hata isipoigusa moja kwa moja, nishati ya kuiendesha imeshapungua kwa sababu ya enolesi kubanwa. Hivyo yule aliyekuwa bingwa wa kuishi kwenye asidi anapokonywa silaha yake katikati ya asidi aliyoitengeneza mwenyewe.

Baada ya kuyasoma haya nilimwelewa daktari. Haiui. Viwango vinavyohitajika kuua *mutans* moja kwa moja ni vikubwa kuliko vinavyobaki kinywani baada ya mswaki. Vinavyotosha kumpunguzia uzalishaji wa asidi ni vidogo zaidi. Anaendelea kuishi, anakula kwa taabu, anatoa asidi kidogo. Ukihesabu bakteria kinywani mwa mtu anayetumia dawa ya kawaida ya floraidi ya sodiamu, hutaona idadi ikiporomoka na kubaki chini. Utaona, ukipima asidi, kwamba wanafanya kazi kwa uvivu. Na majaribio ya maabara, yale ya kufuga spishi kadhaa pamoja na kuwalisha sukari kwa vipindi, yameonyesha kwamba floraidi kidogo inapunguza kuporomoka kwa pH na inamzuia *mutans* asitawale wenzake. Nadhani hapo ndipo thamani yake ilipo upande wa bakteria: inabadilisha nani ana faida ya kuishi pale.

Lakini nisije nikabadilisha hadithi moja ya matangazo kwa nyingine. Wengi wa wanaoyachunguza haya wanaamini kwamba faida kubwa ya floraidi haiko kwa bakteria hata kidogo; iko kwenye jino. Nilipolisoma hilo nilivunjika moyo kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimeshampenda enolesi. Jino limejengwa kwa madini ya kalsiamu na fosfeti, haidroksiapataiti. Asidi ikiyayeyusha, kalsiamu na fosfeti hutoka; mate yakirudisha pH, hurudi. Floraidi ikiwepo kwenye majimaji yanayozunguka jino wakati huo, hata kwa kiasi kidogo sana, inaharakisha kurudi kwake, na madini mapya yanayojengwa yana floraidi ndani yake na hayayeyuki hadi pH ishuke karibu na 4.5. Maana yake ni kwamba shimo la Stephan ni lile lile, ila sakafu ya hatari imeshushwa.

Haya yote yalianza na madoa. Frederick McKay alifungua kliniki Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901, akakuta wenyeji wana madoa ya kahawia kwenye meno, na miaka ilivyokwenda akatambua kwamba meno hayo yenye madoa hayatoboki kirahisi. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alipima maji ya maeneo kama hayo na kukuta floraidi kwa wingi. Kutoka hapo njia ilinyooka hadi Grand Rapids, mji mwingine wa Marekani, ambako mwezi Januari 1945 floraidi ilianza kutiwa kwenye maji ya mji kwa makusudi. Kwa miongo kadhaa watu waliamini faida inatokana na kuimeza utotoni, meno yakiwa bado yanajengwa. Baadaye mawazo yaligeuka: kilicho muhimu zaidi ni floraidi iliyopo kinywani, juu ya jino lililokwisha kuota, kila siku. Na kazi hiyo dawa ya meno inaiweza.

Kutengeneza dawa yenyewe hakukuwa rahisi. Majaribio ya kwanza ya miaka ya 1940 yalitia floraidi ya sodiamu pamoja na unga wa kusugulia wenye kalsiamu, floraidi ikakamatwa na kalsiamu ndani ya tyubu, watu wakapiga mswaki kwa chaki. Kundi la Joseph Muhler katika Chuo Kikuu cha Indiana lilitumia floraidi ya bati na unga usioikamata, ikatoka dawa ya meno iitwayo Crest katikati ya miaka ya 1950, na mwaka 1960 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kikaikubali kuwa inazuia meno kuoza.

Nataja bati kwa sababu ina mkono wake katika habari za bakteria. Watu husema "dawa yenye floraidi" kana kwamba ni kitu kimoja, na hata mimi nilikuwa nasema hivyo. Floraidi ya sodiamu inafanya yale niliyoyaeleza na basi. Floraidi ya bati inaleta na bati, ambayo inawasumbua bakteria kwa njia zake na hata kusaidia fizi zinazotoka damu, ingawa zile za zamani zilikuwa na tabia ya kuacha madoa. Floraidi za amini zina kichwa kinachofanya kazi kama sabuni dhidi ya utando wa seli. Halafu kuna ile iliyofungwa kwenye fosfeti, monoflorofosfeti, inayotumiwa pamoja na unga wa chaki kwa sababu kalsiamu haiwezi kuikamata ikiwa imefungwa. Hii inanichekesha: ili floraidi ifunguliwe, lazima kimeng'enya kikate kile kifungo, na vimeng'enya vya kazi hiyo vimo kwenye mate na kwenye ukoga wenyewe. Bakteria wanatusaidia kufungua kifurushi chenye kuwabana.

Povu nalo lina kazi yake. Sabuni inayotiwa kwenye dawa nyingi inachafua maisha ya bakteria kuliko floraidi inavyofanya katika zile dakika mbili za kwanza. Kwa miaka kadhaa zilikuwepo pia dawa zenye trikilosani, kiuavijidudu hasa, hadi mwaka 2019 dawa maarufu ya aina hiyo nchini Marekani ilipobadilishiwa mchanganyiko. Mimi sikusikitika.

Wanaoogopa usugu wana sababu ya kuuliza. Maabara zimeshazalisha *mutans* sugu kwa floraidi bila taabu kubwa. Na mwaka 2012 kundi la Ronald Breaker pale Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, lilieleza swichi iliyoko kwenye RNA, nakala ya ujumbe wa jeni, inayowasha jeni za kujikinga floraidi inapozidi ndani ya seli. Baadhi ya bakteria wana mifereji midogo ya kuitolea nje, na *mutans* ana protini ya kubadilishana, protoni iingie floraidi itoke. Floraidi imo kwenye miamba na udongo tangu kale, kwa hiyo viumbe hawa walishaijua kabla ya sisi kuijaza kwenye tyubu. Hata hivyo dawa ya meno haijaacha kufanya kazi. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2003 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulikuta watoto na vijana wanaotumia dawa yenye floraidi wanapata uozo pungufu kwa asilimia 24 hivi kuliko wanaotumia isiyo nayo. Bakteria anaweza kuwa sugu. Madini ya jino hayana usugu wa kujifunza.

Kuna jambo moja limenirudisha kwa van Leeuwenhoek. Watafiti wamewavalisha watu vifaa vya kukuzia ukoga kinywani, wakauzamisha ukoga huo kwenye floraidi kwa nusu dakika au dakika mbili, yaani muda wa mswaki, kisha wakaukata tabaka kwa tabaka na kupima. Floraidi nyingi ilikuwa imebaki tabaka za juu, upande wa mate. Chini, karibu na jino, panapooza, ilikuwa kidogo. Ilipoachwa kwa nusu saa ndipo ilipozama. Ni ile siki, miaka mia tatu na zaidi baadaye.

Kutokana na hilo, agizo la kutosukutua limeniingia akilini. Dawa ya kawaida ya watu wazima ina floraidi kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni. Mate yanaizimua, nasi tunaimeza. Ndani ya nusu saa kiwango kimeshaporomoka, kisha kinakokota mkia mdogo kwa saa kadhaa, na ni mkia huo unaofanya kazi. Sehemu nyingine inakaa juu ya jino na ndani ya ukoga kama vichembe vinavyofanana na kalsiamu floraidi, ambavyo vinaachia floraidi asidi ikija. Akiba hiyo ndiyo niliyokuwa naisukutua mara tatu. Siku hizi natema, nafuta mdomo, basi. Wiki ya kwanza ilinikera, ladha ya mnanaa inakaa kooni kama kikohozi, baadaye nikazoea. Usiku ndio muhimu zaidi, kwa sababu mtu akilala mate yanapungua: hakuna wa kuisafisha asidi, lakini pia hakuna wa kuiondoa floraidi. Watoto ni habari nyingine, kwa kuwa wanameza: chini ya miaka mitatu kiasi cha punje ya mchele, na hadi miaka sita kiasi cha punje ya njegere, la sivyo meno yanayojengwa chini ya fizi yanaweza kutoka na madoa, jamaa wa yale ya McKay.

Nilirudi kwa daktari baada ya miezi minne. Kidonge chekundu kile kile, kioo kile kile. Magego yalikuwa meupe, na nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, ndipo akaniinamisha kichwa na kunionyesha nyuma ya meno ya mbele ya chini. Mstari mnene, mwekundu, kama umechorwa kwa rula.

"Hapa mswaki wako haufiki," akasema.

Nikamuuliza, na floraidi je, maana sasa sisukutui.

"Itafikaje, na wao wamejifunika?" Akachukua mswaki mdogo wenye kichwa kama cha njiti, bila dawa yoyote, akasugua mara nne au tano. Rangi ikatoka.